Sema, Uende Nyumbani

Mzungu wa kwanza ambaye baba yangu alikataa kumjibu alikuwa na bastola kiunoni. Wa mwisho alikuwa na kalamu na sauti ya upole, na huyo ndiye aliyemshinda. Ndugu zangu kule nyumbani waliupokea mwili uwanja wa ndege, wakazika, wakaimba, na mpaka leo wanaamini kwamba mzee alifia Uingereza kwa uzee na kwamba kichwa chake kiliondoka kabla yake. Ndivyo karatasi za hospitali zilivyosema. Mimi nilikuwepo, na kichwa chake hakikuondoka popote.

Nilifika London katikati ya miaka ya tisini. Nyumbani nilikuwa nesi. Hapa nilianza kwa kuwaosha wazee katika makao ya wazee karibu na Wembley, kazi ambayo Waingereza wametuachia sisi Wakenya, Wakongo na Wafilipino, kisha wanashangaa tunavyoifanya vizuri. Nilipanga vyumba viwili Kingsbury, juu ya duka la Mhindi. Miaka ikapita, mama akafariki, baba akabaki peke yake na kuku wake na redio. Nikahangaika mpaka nikampatia viza ya matembezi. Alikuja kwa shingo upande. Alisema anakuja kuona ni kuzuri kiasi gani huko walikotoka wale watu, na kama ni kuzuri hivyo, mbona hawakutulia kwao.

Mimi ndiye binti wa kwanza, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo aliniita Mama, wala hakuwa anatania. Siku ya pili tu London, amejifunika blanketi dirishani, anatazama kreni za uwanja wa mpira uliokuwa umebomolewa ili ujengwe upya, akaniuliza, "Mama, hawa watu huanika nguo wapi?" Nikamwambia huanika ndani. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Rafiki yake wa kwanza alikuwa mwenye duka, Mhindi mzee mwenye kofia ya sufu, aliyezaliwa Nakuru na kuhamia Uingereza na wazazi wake baada ya uhuru. Alipomsikia baba akiuliza bei ya viazi vitamu kwa Kiswahili, alitoka nyuma ya kaunta.

"Mzee, wewe toka Kenya? Kaa, kaa hapa! Mimi mtu ya Nakuru!"

Kuanzia siku ile baba alishinda dukani kwenye kigoda, kando ya magunia ya mchele. Walikumbushana mengi. Siku moja nikitoka kazini niliwakuta kwenye habari za treni za zamani.

"Daraja ya kwanza ya mzungu," Mhindi akasema, akihesabu kwa vidole. "Ya pili ya sisi. Ya tatu ya nyinyi. Leo angalia, mzee, wote basi moja, wote baridi moja!"

"Daraja la pili lilikuwa na mito ya kukalia, rafiki yangu," baba akasema.

Mhindi akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akamfungia baba viazi na kukataa kulipwa. Nayasimulia haya ili ijulikane mzee alikuwa mtu wa namna gani miezi miwili kabla hajaambiwa hana akili. Alikuwa anamjua mbunge wa kila jimbo la kwetu. Alikuwa ananisahihisha nikikosea mwaka aliofariki bibi.

Jambo ambalo hakulizungumza kamwe ni maisha ya kizuizini, katika kambi walimofungwa na Waingereza. Niliyoyajua niliambiwa na mama, vipande vipande, tukipalilia. Babu alikuwa na ardhi. Wazungu waliichukua kabla baba hajazaliwa, wakaipanda kahawa, wakamruhusu babu akae humo humo kama skwota, kibarua asiye na haki ya ardhi, alipe kodi ya kichwa na avae kipande, kitambulisho cha Mwafrika, shingoni ndani ya kijibati, kama mbwa mwenye leseni. Mwafrika alikatazwa kupanda mche wa kahawa. Kuichuma aliruhusiwa, tena kwa viboko. Wanaume walipochoka wakala kiapo cha kupigania ardhi, wengine wakaingia msituni, serikali ikatangaza Hali ya Hatari, na malori yakaja kuzoa kila mwenye ndevu. Baba alizolewa pamoja na kijiji kizima, mwaka haujaisha tangu aoe.

Kule kizuizini waliwapanga kwa rangi. Wafungwa wote walikuwa Waafrika, lakini mzungu alipata namna ya kuwagawa tena: weupe ni waliokiri kiapo, wa kijivu ni wanaolegea, weusi ni wale wagumu. Baba alikuwa mweusi. Mfungwa aliletwa akachuchumaa, mikono kichwani. Mbele yake meza. Nyuma ya meza mzungu, na kando ya mzungu Mwafrika mwenzetu wa kutafsiri. Maswali yalianza madogo madogo. Jina lako nani? Una miaka mingapi? Umezaliwa wapi? Na wagumu walikuwa wamefundishana: usijibu hata hayo. Ukikubali kusema jina lako umeshafungua mlango, na mlango ukifunguka huchagui anayeingia. Kwa hiyo hawakujibu chochote, hata salamu. Walichagua kifungo kimoja cha shati la mzungu wakakikodolea macho.

Kila siku waliambiwa neno lile lile: sema, uende nyumbani. Waliosema walipandishwa lori wakarudishwa kwa wake zao. Baba hakusema. Alirudi miongoni mwa wa mwisho kabisa, sikio la kushoto limekufa kwa kipigo, akakuta kipande cha ardhi walichobakishiwa kimepewa askari mmoja wa mzungu, mtu wa kijiji hicho hicho. Baada ya uhuru alijiunga na wenzake wakanunua sehemu ya lile shamba la kahawa. Ndiyo, waliinunua ardhi ya baba zao, na wakailipa mpaka mimi nikamaliza shule. Hapo ndipo alipomzika mama, na kando yake akaacha nafasi.

Majira ya baridi baba alianguka dukani. Mhindi alikimbia kuniita akiwa analia. Hospitali wakasema moyo umechoka, hakuna upasuaji wa maana, kilichobaki ni dawa na kupumzika. Baba alisikiliza, akashukuru, akaniambia kwa lugha ya kwetu, "Basi nipeleke nyumbani. Nataka kuingia getini kwa miguu yangu. Kutoka nilitolewa nimebebwa lorini, kuingia nisibebwe." Tangu siku hiyo aliniambia hivyo kila nilipokwenda kumwona.

Mimi sikuweza kusafiri naye. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, nikisubiri kuongezewa muda wa kukaa, na aliyekuwa akiidai kabla ya wakati alijitafutia balaa. Ilibidi aende peke yake, asukumwe kwenye kiti na watu wa ndege huku na huko, ndugu zangu wampokee. Shirika la ndege likakubali kwa sharti moja: daktari aandike kwamba moyo utahimili na kwamba mgonjwa anajitambua, asije akavuruga watu angani. Kuhusu moyo daktari hakuwa na tatizo, alisema ni hiari ya mzee. Kuhusu akili, alisema kuna kijipimo kidogo tu cha maswali. Hakichukui muda.

Nakijua kijipimo hicho. Nimekiona kikifanywa kazini mara nyingi. Una miaka mingapi? Leo ni siku gani? Huu ni mwaka gani? Hapa ni wapi? Nani anatawala Uingereza? Wazee wetu pale Wembley hukifurahia, hujibu kwa mbwembwe kama watoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia daktari baba atajibu hata akiwa usingizini.

Kwa kanuni zao ndugu haruhusiwi kumtafsiria mgonjwa. Wakamwita mkalimani, mtu wa Kongo ya mashariki, mkimbizi wa zamani, suti imepigwa pasi vizuri, mpole. Wakamsukuma baba mpaka kwenye kichumba kando ya wodi. Mimi nikaambiwa niketi pembeni na nisitie neno. Ndipo nikaona. Kulikuwa na meza. Nyuma ya meza kulikuwa na mzungu na karatasi yake, na kando ya mzungu alikuwepo Mwafrika.

"Mzee, jambo," mkalimani akasema kwa Kiswahili cha Kongo, ambako munganga ni daktari. "Munganga anapenda kukuuliza maneno kidogo tu. Usiogope. Jina lako ni nani?"

Baba akayapandisha macho taratibu kutoka sakafuni, yakafika kwenye shati la daktari, yakakwama kwenye kifungo.

Daktari alikuwa na subira, sitamsingizia. Aliuliza umri, akangoja. Aliuliza siku, mwaka, mahali. Mkalimani alirudia kila swali mara mbili, mara tatu, sauti ikizidi kuwa laini. Walipofika kwenye swali la nani anatawala Uingereza, nilidhani baba atacheka, kwa sababu malkia alikuwa yule yule. Picha yake ilitundikwa kule kizuizini na wafungwa walipigwa ili wamwimbie. Hakucheka. Daktari akaandika sifuri chini ya karatasi, akaizungushia duara.

Nilimfuata kwenye korido, nikamweleza kwamba baba anakataa kujibu kwa sababu aliwahi kufungwa kambini.

"Pole sana," akasema. "Kambi za Wajerumani au za Wajapani?"

"Zenu," nikasema.

Hakuelewa. Alikuwa kijana, labda alizaliwa wakati baba akimalizia kulipa deni la shamba, na huko shuleni alikosoma hakuna aliyemwambia kitu. Nilimsimulia pale pale tumesimama, manesi wakitupita na vitoroli vya dawa, na kadiri nilivyosimulia nikaona uso wake ukijaa huruma ile tunayowapa jamaa za wagonjwa wanaokataa ukweli. Akasema anasikitika sana kwa yaliyompata, lakini yeye anaweza kupima tu kile anachoambiwa. Tutajaribu tena mzee akipata nguvu.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijawahi kuipata tena. Nilirudi kitandani kwa baba. Yeye alikuwa anamenya chungwa.

"Mama, umeona wameweka na meza?" akasema.

"Baba, yule ni daktari tu."

"Najua ni daktari. Na kule walikuwa na daktari. Alikuwa anawaambia bado kidogo, huyu ataweza kupigwa tena." Akanipa kipande cha chungwa. "Mtu akikuuliza kitu anachokijua, hatafuti jibu. Anakutafuta wewe. Yule kijana hajui leo ni siku gani?"

Sasa mwenye akili timamu ni nani, nikajiuliza. Lakini huwezi kumpelekea daktari jibu kama hilo, na nilijaribu. Alisema ni jambo zuri kwamba mzee anaongea na familia.

Wiki zikaenda. Miguu ya baba ikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kulala ila ameketi. Mhindi alikuja kumwona na mfuko wa njugu, wakazungumza vizuri, na alipotoka akamsimamisha nesi mlangoni akamwambia, "Huyu mzee akili yake kama wembe. Mimi najua yeye." Nesi akamshukuru. Kila nilipoinama kumfunga baba vifungo aliuliza, "Lini?" Nilijua miguu ikivimba hivyo mtu anabakiwa na muda gani, ni kazi yangu kujua. Barua ile isipoandikwa upesi, angeingia getini kwake akiwa ndani ya sanduku.

Siku moja kabla ya kipimo cha pili nilimketisha vizuri, nikamshika mikono yote miwili. Nilimwambia ni maswali ya kitoto, hakuna wa kumpiga, hakuna wa kumsaliti, wenzake wote wameshakufa. Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Sema tu, Baba. Ukisema watakuachia uende nyumbani."

Niliyasikia maneno yakinitoka, na nilijua ni ya nani. Baba naye aliyajua. Hakukasirika. Alishusha macho kwenye mikono yangu iliyoshika yake, akasema, "Na wewe ndiye unayetaka niseme?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya," akasema. "Nitasema."

Asubuhi aliomba anyolewe. Akakataa kiti cha kusukumwa, akatembea mpaka kwenye kichumba akishika ukuta, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Daktari aliyekuwa akisoma karatasi akasimama kumpokea. Mkalimani akavuta kiti. Baba akaketi, akainua mikono yake iliyovimba akaiweka kichwani, na kabla hajaulizwa chochote akaanza kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu na iliyonyooka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake.

Alisema alikula kiapo. Alikula mara mbili, mara ya kwanza ndani ya shamba la migomba, mara ya pili kando ya mto. Akamtaja aliyemlisha. Akawataja waliokula pamoja naye, mmoja mmoja, jina na jina la baba yake na ukoo wake, polepole, ili mwandishi asiachwe nyuma. Watu wale nimekua nikiwaamkia njiani. Akasema risasi zilifichwa kwenye mzinga wa nyuki, na akasema mzinga ni wa nani. Kisha akasema mke wake ndiye aliyekuwa akipeleka chakula msituni, ndani ya kikapu, chini ya maboga, akiwa mjamzito, na kwamba mimba ile ilitoka njiani wakati anawakimbia askari.

Mimi sikulijua hilo. Mama alipalilia nami miaka yote hakunigusia. Na baba alipigwa mpaka akapoteza sikio ili lisijulikane.

Mkalimani mwanzoni alitafsiri. Sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu sauti yake ikapungua, na kwenye majina akanyamaza kabisa, akainamisha kichwa. Yule alitoka Kongo, na nafikiri alijua anachokisikia.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Munganga, huyu mzee anaungama," mkalimani akajibu kwa Kiswahili kwa bahati mbaya, akajisahihisha, akamwambia daktari kwa Kiingereza.

"Muulize huu ni mwaka gani."

Akaulizwa. Baba jasho lilikuwa linamtiririka. "Nimesema yote," akasema. "Sina jingine nililolificha. Andika."

Daktari akaandika. Nilisimama nikasema nilichosema, na sikumbuki nilikisema kwa lugha gani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa uungwana mwingi kwamba mgonjwa anadhani yuko gerezani miaka hamsini iliyopita, na kwamba asingekuwa daktari mwema kama angempandisha mtu wa hali hiyo kwenye ndege peke yake. Akamshukuru baba, akamgusa bega. Baba akashtuka alipoguswa.

Mimi nilibaki pale na daktari nikimbembeleza, mkalimani akamrudisha baba wodini. Nilipomfuata nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa suti yake ya safari juu ya nguo za hospitali, viatu miguuni bila kufungwa kamba kwa sababu ya uvimbe, begi magotini. Uso wake ulikuwa umechoka lakini umetulia, kama mtu aliyemaliza kuvuna. Sijui ni nani aliyemsaidia kuvaa. Labda alivaa mwenyewe.

"Tunaondoka na ndege ya saa ngapi?" akauliza.

Niliketi kando yake nikamwambia. Nilimwambia wamekataa, kwamba majibu hayakuwa yale waliyoyataka, kwamba barua haitaandikwa. Nilisema kwa lugha ya kwetu, polepole, upande wa sikio lake zima, ili nisilazimike kurudia.

"Si nimesema?"

"Umesema, Baba."

"Na mama yako nimemsema."

"Ndiyo."

Akafikiri. Wahudumu walikuwa wanagawa chai, mmoja akaweka kikombe mbele yake, yeye hakukiona. Alikuwa anajaribu kwa bidii kuelewa jambo, na akili yake ilikuwa nzima kabisa, naapa, maana hatimaye alilielewa.

"Wale wa kule," akasema, "mtu akisema, walimwachilia."